Sekunde arobaini za taa nyekundu

Taa ya oili ya pikipiki yangu ni ndogo, ukubwa wa punje ya mahindi tu, lakini Jumamosi ile saa kumi na mbili jioni ilikuwa kama imejaza gereji nzima. Injini inanguruma, moshi wa oili iliyomwagikia egzosi unapanda, na sisi watu kama saba hivi tumeinama juu ya dashibodi, wengine hata hawana shughuli hapo, ni vijana wa steji waliokuja kuona ile Honda ya cc mia tano ikifufuka.

Imefufuka. Ila taa haizimi.

"Ngoja," Mzee, fundi wangu, akasema bila kuinua kichwa. "Itazima yenyewe. Oili bado inapanda."

Nikangoja. Mkono wa kulia uko kwenye usukani, kidole gumba kinakaribia kugusa ile swichi nyekundu ya kuzima injini, na kichwani nikajikuta nahesabu, sijui kwa nini, labda nilitaka tu kuwa na kitu cha kufanya. Ishirini. Ishirini na tano. Kwenye thelathini nikasikia huko juu kwenye hedi, kichwa cha injini, kama mtu anagonga kijiko kwenye kikombe cha bati, tik tik tik, na Mzee naye akaisikia maana nilimwona ameacha kufuta mikono. Hakusema kitu. Na mimi sikusema kitu.

Arobaini.

Nikabonyeza.

Hiyo ni wiki saba zilizopita. Pikipiki inatembea, kila siku naenda nayo kazini Malaba, pale mpakani mwa Uganda na Kenya, na kurudi Tororo, mtu akiniuliza namwambia iko sawa kabisa. Lakini zile sekunde zimekataa kuondoka kichwani. Nikilala naona kidole changu kikiwa pale karibu na swichi, hakifanyi kitu.

Jiwe, sabuni na basi la Kampala

Chanzo ni jiwe moja kwenye njia ya vumbi huko ndani ndani nyuma ya Nagongera. Nilikuwa natoka matangani na mvua inanifuata, mnajua mwendo wa mtu anayetaka kushika lami kabla hajalowa. Hii pikipiki ilitengenezwa kwa barabara za wenzetu, tumbo lake liko chini, na chini kabisa ya tumbo ndiko iko sampu, bakuli la aluminiamu linalobeba oili yote bila hata kibati cha kulikinga. Jiwe likapiga, nikalisikia mpaka kwenye nyayo. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba, urefu wa kidole, oili inatoka kidogo kidogo kama machozi ya mtu aliyejizuia.

Nikafanya kile kila mtu anafanya huku, nikanunua kipande cha sabuni dukani, nikakikanda, nikaziba. Sabuni kwenye tangi la petroli inaweza kukuvumilia mpaka ukapata fundi. Kwenye oili ya moto haikunifikisha hata senta, nikamaliza safari juu ya pikapu ya mihogo.

Kwenye Boxer hakuna habari ya kushusha sampu, maana haina sampu ya kushusha, injini ni kipande chake hivyo hivyo na oili iko ndani. Kwenye hii lazima egzosi itoke kwanza, na boliti za egzosi zilizokula kutu miaka yote hiyo huwa zinaamua zenyewe nani atoke nani akatike. Mbili zilikatika. Siku nzima ikaishia hapo, na sitaisimulia.

Sampu ikaenda Katwe, Kampala, kwa basi, imefungwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, halafu kwenye gunia, konda tukampa chake. Katwe kuna watu wanachomelea aluminiamu mpaka unasahau palipopasuka. Tatizo ni foleni, sampu ilirudi baada ya siku kumi na sita.

Siku zote hizo injini ilikaa juu ya matofali tumbo likiwa wazi, chini kuna beseni la bluu, na tone moja moja linaanguka. Kila nikipita kuchungulia naona beseni limeongezeka kidogo, na mimi nafurahi, najiambia uchafu wote unatoka vizuri.

Kumbe nilikuwa naangalia pampu ikikauka.

Oringi iliyokuwa na pembe

Kuna kitu kimoja sijamwambia mtu.

Siku ya kurudisha sampu, Mzee alikuwa amelala chini kwenye boksi lililokunjuliwa, mimi nampa vitu. Oili inanyonywa kutoka kwenye sampu na bomba fupi lenye chujio mdomoni, na pale bomba linapoingia kwenye injini kuna oringi, kipete cha mpira, kazi yake ni moja tu, kuzuia hewa isiingie. Ile ya zamani ilikuwa kwenye kifuniko cha kopo pamoja na boliti. Nikaiokota nikaizungusha kati ya kidole gumba na cha shahada. Oringi nzuri ukiizungusha hivyo unasikia duara. Hii nilisikia pembe. Ilikuwa imelala miaka imebanwa mpaka imepata pande bapa, na nilipoikunja kidogo haikurudi haraka, ilirudi kama mzee anayeamka kwenye kiti.

"Mzee, hii si imechoka?"

Akaichukua, akaipaka oili, akaitazama kwenye mwanga.

"Hii bado inakula. Lete silikoni."

Nikaleta silikoni. Silikoni nyekundu, tyubu nzima, na Mzee akaipaka sampu pande zote kama mtu anayepaka siagi mkate wa wageni. Hapo pia kuna kitu ndani yangu kilisema hiyo ni nyingi, maana silikoni inayoonekana imebubujika nje, nusu yake nyingine imebubujika ndani, huioni. Lakini mimi ni nani. Nafanya kliaringi, kazi yangu ni makaratasi ya malori. Mzee ameshika spana tangu kabla sijazaliwa.

Najua wengine wenu mtasema ungesema tu. Mtu aliyekulia huku anajua kwamba kumwambia mzee jambo mara ya pili mbele ya vijana wake sio kusema tu.

Presha gani?

Jumapili asubuhi mama akanipigia kuuliza kama nitapita kumchukua kwenda kanisani. Nikamwambia mama leo siwezi, presha imekataa kupanda.

Kimya.

"Mwanangu, na wewe presha imekuanza lini?"

Ikabidi nimweleze ni ya pikipiki. Akacheka, akasema kama hiyo ya pikipiki inakataa kupanda mwambie ije ibadilishane na yangu. Mama anameza vidonge vya presha kila asubuhi, ana haki ya kutania.

Lakini baada ya kukata simu nilikaa na lile neno. Presha. Mimi nilikuwa nafikiri kuna pampu huko ndani inayotengeneza presha, kama kiwanda vile, na kama presha haipo basi kiwanda kimeharibika, tununue pampu mpya. Nikaenda kusoma, nikasoma mpaka chai ikapoa, na nilichokuta kimegeuza kabisa vile naiona hii injini. Pampu haitoi presha. Pampu inasukuma oili tu. Presha ni kile kinachotokea oili ikifika kwenye beringi ikakuta pa kupita ni padogo, ikarundikana, ikaanza kusukumana. Ni kama umati kwenye mlango wa stendi asubuhi. Mlango ukiwa mpana, watu ni wale wale ila hakuna msongamano.

Kwa hiyo taa ikiwaka maswali ni mawili. Je, oili inafika? Na ikifika, inakuta mlango ulivyo au umepanuka? La kwanza linarekebishika kwa elfu kumi. La pili ni kufungua injini yote, beringi zimelika, na hapo andaa hela ya ng'ombe.

Sasa kwa nini oili isifike wakati tumeweka lita zote na kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa?

Hapa ndipo lile beseni la bluu linarudi. Pampu ya injini kama hii ni gurudumu dogo la meno linalozunguka ndani ya kubwa, na kati yao kuna nafasi ndogo sana. Ikiwa imelowa oili, ile oili yenyewe inaziba hizo nafasi, pampu inavuta vizuri. Ikiwa kavu, hewa inapenya kila upande, gurudumu linazunguka kama kawaida lakini halivuti kitu, na iko juu ya oili, haiwezi kujilowesha yenyewe. Jaribu kunywa soda na mrija uliotoboka. Unafyonza mpaka mashavu yanauma na soda iko pale pale inakuangalia.

Pampu inahitaji oili ili ipate oili. Nilivyoielewa hiyo nilicheka peke yangu mezani, halafu nikaacha kucheka nikikumbuka ile tik tik tik.

Mzee hakuwa mjinga

Hii sehemu nimeiandika nikaifuta mara tatu. Ningekuwa nimeandika hii makala wiki ile ile mngesoma matusi. Nilikuwa na hasira, nilikuwa namwita Mzee majina kichwani.

Sasa nimetulia.

Sisi ni watu wa mpakani, hata hilo jina boda boda limetoka huku, enzi za baiskeli za kuvusha watu Busia kutoka bodaa moja hadi nyingine. Pikipiki ambazo Mzee amefungua maishani mwake ni Boxer, TVS, na kabla ya hapo zile Honda ndogo na Yamaha za mashirika. Injini za silinda moja. Kwenye hizo kranki, ule mhimili mkuu wa injini, inakaa juu ya beringi za goroli, na konrodi, mkono unaoiunganisha na pistoni, nayo inazungukia beringi ya vipande vya chuma vinavyobingirika. Goroli zinabingirika, zikipata oili ya kurukiwa rukiwa tu zinaishi, utakosea leo na kesho itakusamehe. Na pikipiki hizo nyingi hata hazina taa ya presha ya oili! Mzee akimaliza kufunga injini anaiwasha, anafungua kofia ya tapeti juu, anachungulia kama oili imefika, isipofika anangoja kidogo, inafika. "Itazima yenyewe" kwake ni kitu amekiona mara elfu.

Hii yangu ni mnyama mwingine. Kranki yake haina goroli. Imelala kwenye maganda laini ya chuma na kinachoitenganisha na hayo maganda ni utando wa oili wa mikroni chache, na mikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu moja. Utando ukiwepo vyuma havigusani, injini inaweza kwenda miaka. Ukikosekana vinagusana saa hiyo hiyo.

Kwa hiyo Mzee alikuwa sahihi, kwa injini nyingine. Aliyekuwa na habari kamili ni mimi, maana mimi ndiye ninayeendesha pikipiki yenye hiyo taa, mimi ndiye niliyesoma kwenye kitabu chake kwamba taa ikiwaka zima injini papo hapo. Nililijua hilo nikiwa na kidole karibu na swichi. Ila kulikuwa na watu saba, na Mzee amesema ngoja, na mimi nikaona kuzima ni kama kumkatiza mzee maneno.

Ndiyo maana hasira haikukaa kwake. Ilizunguka zunguka ikarudi nyumbani.

Sindano ya ng'ombe

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Nikapita kwenye duka la dawa za mifugo nikanunua bomba kubwa la sindano, lile la mililita sitini wanalonyweshea ndama dawa, na kipande cha mpira mwembamba. Yule dada wa dukani akaniuliza mnyama ana shida gani. Nikamwambia hana presha. Akaniangalia sana.

Nilifika gereji Mzee akiwa anakunywa uji. Sikuanza na hoja. Nilisalimia, nikauliza za nyumbani, nikakaa kwenye tairi, nikangoja amalize. Halafu nikasema, "Mzee, nimekuja unisaidie kufungua tena, nahisi mimi ndiye nilikupa oringi mbaya." Ilikuwa kweli nusu. Akanyamaza, akasuuza kikombe, akasema, "Hata mimi sikulala vizuri na ile sauti."

Hayo tu. Lakini hapo ndipo mambo yalibadilika.

Tukashusha sampu. Silikoni ya ndani ilikuwa imetengeneza minyoo, sina neno lingine, minyoo minene myekundu inaning'inia pembeni, na mmoja ulikuwa umeshakatika ukajibandika kwenye chujio, umeziba kama robo ya wavu. Mzee akautoa na ncha ya wembe akauweka kwenye kiganja, akautazama muda mrefu. Hakusema kitu na mimi nikajifanya natafuta spana namba kumi.

Tukabadilisha oringi. Nilipata mpya Busia upande wa Kenya, kwa jamaa anayeuza za mashine, nikapima kwa kulinganisha, na nikahakikisha ni ya mpira unaovumilia oili maana zile za mabomba ya maji zinavimba zikikaa kwenye oili ya moto. Silikoni safari hii Mzee alipaka uzi mwembamba tu, upande mmoja. Tukaiacha ikauke mpaka kesho yake.

Kisha ile kazi ya sindano. Filta ya oili ya hii Honda iko mbele, unaifungua kwa kuizungusha. Ukiitoa unaona katikati kuna bomba lenye nyuzi, hilo ndilo oili safi inapoingilia injini, na pembeni kuna tundu ambalo oili inatokea ikija kutoka kwa pampu. Nikaingiza mpira kwenye hilo tundu la pembeni, nikabana na kitambaa, nikawa nasukuma oili taratibu irudi chini kwa pampu huku kijana wa Mzee anazungusha tairi la nyuma kwa mkono, gia ya mwisho, plagi zimetolewa. Niliwahi kusoma kwamba wengine wanazungusha injini kinyume ili pampu ijifyonzee yenyewe kutoka juu. Mimi sikuthubutu, mnyororo wa kemu, ule unaoendesha valvu, na kibana chake sio vitu vya kuchezea. Bomba la kwanza liliingia. La pili likaingia. La tatu likaanza kugoma, linarudisha, na Mzee akasema, "Imeshiba."

Filta mpya tukaimwagia oili nusu, maana inakaa kwa kulala, ukiijaza yote inamwagika, tukaigeuza geuza karatasi ya ndani inywe. Tukafunga.

Halafu, na hii ndiyo ningetamani tungefanya Jumamosi ile, hatukuwasha. Plagi zikabaki nje, zimechomekwa kwenye kofia zake na kulazwa zikigusa chuma cha injini mbali na matundu yake, isije cheche ikakutana na mvuke wa petroli. Bila plagi hakuna kompresheni, stata inazungusha kirahisi, na beringi hazibebi mzigo. Betri tukaisaidia na ya gari, gari likiwa limezimwa.

Sekunde kumi. Taa inawaka.

Tukapumzisha stata, inapata moto haraka hiyo. Sekunde kumi tena. Taa inawaka. Kijana akasema labda swichi imekufa. Mzee akachomoa waya wa swichi ya presha, taa ikazima, akaugusisha kwenye injini, ikawaka. "Waya mzima," akasema. "Swichi yenyewe itajisema. Endelea."

Mara ya tatu. Nilikuwa nimefika nne nikihesabu.

Ikazima.

Haikufifia, haikupepesa. Ilikuwepo na haikuwepo. Kijana akapiga kelele, Mzee akasema "rudia," nikarudia, ikawaka nilipofungua ufunguo na ikazima stata ilipozunguka, nikarudia tena kwa raha tu mpaka Mzee akanikaripia kwamba nitamaliza betri ya mtu.

Fundi mmoja wa malori nilimsimulia baadaye, akaniambia sikuhitaji sindano, ningefungua pampu nikaijaza veselini, ile ya kujipaka, inashika mapengo yote na injini ikipata moto inayeyukia kwenye oili. Grisi usiweke, haiyeyuki vizuri inaweza kwenda kuziba mahali. Ni kweli, lakini kwa pampu yangu ni mpaka ufungue upande wa klachi. Sindano ni elfu chache.

Vinavyong'aa

Mngedhani hapo nilifurahi nikaenda nyumbani. Nilifurahi. Halafu nikaikumbuka ile oili ya Jumamosi.

Tulikuwa tumeimwaga kwenye beseni jingine, safi. Nilisubiri wenzangu waondoke, nikawasha tochi ya simu, nikaikoroga na kijiti. Kulikuwa na vitu vinavyong'aa. Sio vingi. Kama mtu amenyunyiza unga wa fedha, unaona ukigeuza mwanga, ukirudisha huoni.

Nikachovya sumaku ya spika ya zamani. Ikatoka na oili tu, safi. Kwa hiyo sio chuma.

Hapo ndipo pananikaba mpaka leo. Sampu ilitoka Katwe imesagwa pale palipochomelewa, na tuliiosha kwa petroli ila nani anaweza kuapa kwamba tulitoa kila chembe. Aluminiamu haishikwi na sumaku. Lakini ule utandiko laini wa maganda ya kranki nao haushikwi na sumaku. Zote mbili kwenye oili, chini ya tochi ya simu, zinang'aa sawa sawa. Inaweza kuwa vumbi la gurudumu la kusagia la Katwe, yaani si kitu. Inaweza kuwa sekunde arobaini zangu.

Na kuna lingine. Tulibadilisha oringi, tukatoa mnyoo wa silikoni, tukajaza pampu oili, vyote vitatu kwa pamoja. Kipi kilikuwa na kosa? Sijui na sitajua. Ukitibu malaria, taifodi na minyoo kwa siku moja halafu homa ikaisha, daktari atajipongeza lakini hajui alitibu nini. Mzee anashikilia ilikuwa hewa kwenye pampu. Mimi nasema oringi, lakini najua ninavyosema hivyo ni kwa sababu oringi ndiyo niliyoishika na nikanyamaza.

Geji ya lori

Wiki ya nne sikuvumilia. Ile taa, nimekuja kuelewa, ni shahidi mwenye maneno mawili tu. Swichi nyingi za namna hii zinaachia kwenye presha ndogo sana, hata nusu ya baa, kipimo cha presha, haifiki, wakati injini kama hii ikiwa mwendoni inatakiwa iwe na baa kadhaa. Taa ikizima haisemi uko mzima. Inasema tu hujafa.

Malaba ukikosa kitu cha lori hujatafuta. Foleni ya malori pale ndiyo mtaa wetu, na pembeni yake kuna mafundi wa kila kitu. Jamaa mmoja akaniazima geji ya presha yenye mpira mrefu, tukahangaika na nati za kuunganisha mpaka moja ikakubali nyuzi za tundu la swichi. Niliendesha kwanza mpaka Tororo na kurudi ili oili ipate moto sawasawa, maana oili baridi ni nzito, inakupa presha ya uongo.

Ilipokuwa inanguruma polepole, sindano ya geji ilikaa juu ya moja. Nikavuta hadi raundi elfu tano kwa dakika, ikapanda, ikapita nne, ikakaribia tano, ikasimama hapo haitikisiki. Yule jamaa akasema hiyo injini nzima, unasumbuka na nini.

Nilimshukuru. Nikamnunulia rolex mbili, zile chapati za kuviringishia mayai, na soda. Ni habari njema, sikatai, na usiku ule nililala. Lakini geji inasema mlango haujapanuka leo. Haisemi kama umekwanguliwa kidogo, kama kuna mstari mwembamba mahali ambao ungekuja baada ya miaka kumi na sasa utakuja baada ya mitano. Hicho kitu hakuna geji yake, ni mpaka nifungue injini, na kufungua injini nzima ili nione kama nina sababu ya kuifungua ni wazimu. Nimeuzingatia huo wazimu kwa jioni mbili. Nimeukataa.

Asubuhi nikifungua ufunguo naitazama ile taa kabla ya kubonyeza stata. Zamani sikuiangalia. Sasa nataka iwake, nyekundu kabisa, nijue waya mzima na swichi nzima, ndipo nabonyeza. Inazima kabla sijatamka mbili. Mke wangu anasema nimekuwa kama mtu anayesali.

Juzi simu ya Mzee ikaingia nikiwa katikati ya makaratasi ya lori la saruji. Mzee huwa hapigi simu, anabipu. Nikapokea nikiwa na wasiwasi.

"Mwanangu, kuna mtu ameniletea pikipiki kubwa hapa, ya polisi mstaafu. Wameshusha sampu huko Mbale, sasa inawasha taa."

"Mmeiwasha?"

"Tumeiwasha, nikazima papo hapo. Ile sindano yako ya ng'ombe iko wapi?"

Nikampelekea jioni. Hajairudisha mpaka leo.